Namna ya Kuwa Mtu wa Watu Nyuma ya Dirisha la M-Pesa

Umeajiriwa kwenye duka la M-Pesa hapa Chundwa, kisiwani Pate. Hongera. Mkataba, kama upo, unakutaka uweke pesa, utoe pesa, uandike kwenye daftari. Mwongozo huu ni wa yale ambayo mkataba haukuyataja. Mwaka 1988 profesa Mmarekani, Dennis Organ, aliyaandikia kitabu kizima: mema anayoyatenda mfanyakazi kwa hiari yake, bila kuamriwa, na bila hayo kazi hukwama.

Anza kwa kungoja. Bi mkubwa amekuja na noti zake kwenye pindo la leso. Mwache afungue fundo mwenyewe, hata foleni ikiguna. Fundo hilo ndilo benki aliyoizoea. Siku akija kutoa pesa atakwambia, "Mwanangu, niekee namba ya siri wewe, mimi macho sina." Usiiweke. Akikuombea dua, itikia amina, na usiiweke. Akisema wewe ni mjukuu wake, na Chundwa huenda kweli u mjukuu wake, bado usiiweke. Mkuzie maandishi ya simu, mwonyeshe tarakimu zilipo, halafu geuka utazame ukuta. Utazame kwa bidii mpaka amalize. Kwa kutazama ukuta hulipwi kamisheni, lakini siku nzima hutafanya kazi kubwa kuliko hiyo.

Baba akiingia mbio kwamba karo ya mtoto imekwenda kwa namba siyo, chai yako na ipoe. Ule ujumbe wa muamala utumwe 456 papo hapo, kwa sababu huyo wa upande wa pili akishatoa pesa, kuzirudisha ni kazi ngumu.

Mwenzako ana safari ya Lamu na boti ya Mtangawanda haimngoji mtu maji yakianza kutoka? Mshikie zamu. Akirudi, mkabidhi floti iliyohesabiwa, si maneno.

Nawe tajiri, usijifiche, mwongozo unakuhusu. Eran Vigoda-Gadot aliandika mwaka 2006 kuhusu wakubwa wanaougeuza wema wa hiari kuwa lazima, na wafanyakazi wanavyoumia. Kijana aliyemshikia mwenzake zamu ya Ijumaa hakukuuzia Ijumaa zake zote. Mwulize kwanza, na akikataa usimnunie. Ukimtaka abaki hadi baada ya Isha, ziandike saa hizo daftarini, umlipe.