Wake Wenza wa Karakana

Karakana yenyewe i katika jimbo la Michigan, nchini Marekani, pande zile ambako vyuma vya magari na vya ndege vimekuwa vikikerezwa tangu zamani za mababu, na usiku ninaousimulia ulikuwa usiku wa Jumamosi, saa ambayo taa zimezimwa, lango limefungwa, na nyapara amekwenda zake. Wakati ambao mitambo, kwa kuwa hakuna binadamu wa kustahiwa, hupata faragha ya kuteta. Waliohudhuria ni hawa: Kerezo Kongwe, chombo cha kuendeshwa kwa mkono, ambaye miaka mingi hana kazi ila kutundikiwa makoti, mashine tatu zinazoongozwa kwa kompyuta, ambazo fundi mmoja huzihudumia zote kwa zamu moja, Mikromita, mdogo wa umbo, mkali wa kauli, ambaye kwa kuwa hajui kusema uongo hana rafiki, na Fagio, ambaye hakualikwa na mtu. Karibu na lango palikuwa na sanduku kubwa la mbao lililoletwa jana yake, nalo bado halijafunguliwa.

MASHINE YA KWANZA: Jamani, nimedhulumiwa, na leo sina budi kulisema. Niliingia hapa nikiwa peke yangu, na Fundi alikuwa akisimama mbele yangu tangu asubuhi hata jioni, akiisikiliza sauti yangu, akinipangusa taya, akinibadilia ncha ya kukatia kabla haijawa butu. Leo nimalizapo kipande huwasha taa yangu ya manjano nikangoja, nikangoja, naye yuko kwa Pili, mgongo amenigeuzia mimi.

MASHINE YA PILI: Una haraka, bibie, nawe hiyo haraka waifanya kuwa haki. Wewe humaliza kila dakika nne, mimi kila dakika sita. Kama ni kuitwa, wewe ndiye umwitaye mno, na mimi niliye mpole ndiye niachwaye na mlango wazi, matumbo nje, maji ya kupozea yakinichuruzika.

MASHINE YA TATU: Nyote wawili mwakata chuma cha kawaida. Mimi hupewa titaniamu, na kipande changu kimoja kikiharibika thamani yake yatosha kulipa mshahara wa mtu. Basi ingawa humaliza kila dakika tisa, ni insafu nipewe macho mawili, si pembe ya jicho.

Msomaji wa pwani hatahitaji kuambiwa haya ni maneno ya nyumba ya namna gani. Ni ukewenza mtupu: kila mmoja ahesabu zamu yake, na ya mwenziwe aihesabu mara mbili. Ila sheria ya ndoa, ilipompa mume ruhusa ya wake hata wanne, ilimfunga papo hapo kwa sharti la uadilifu, ikaweka na kikomo. Sheria ya karakana, kadiri nilivyoweza kuichungua, haina sharti wala kikomo, na mume mwenyewe hakuulizwa.

KEREZO KONGWE: Wajukuu zangu, punguzeni sauti. Mwamlaumu Fundi bure. Mwulizeni Mikromita, yeye alikuwa mfukoni mwa nyapara siku ile karatasi ya hesabu ya zamu yake ilipoandikwa.

MIKROMITA: Nilikuwapo, na nitashuhudia. Nyapara alichukua muda wa dakika 36, kwa kuwa ndani yake nne, sita na tisa zote huingia bila ya kusalia kitu. Akasema: Kwanza ataita mara 9, Pili mara 6, Tatu mara 4, jumla ni 19. Kila mwito ni dakika moja ya kutoa kipande na kutia kingine. Basi Fundi ana kazi dakika 19, na dakika 17 hana kazi. Kisha akapiga mstari chini ya hiyo 17, akaandika kando yake neno “uvivu”.

MASHINE YA PILI: Na hesabu hiyo ina kasoro gani?

MIKROMITA: Ya kujumlisha, haina hata moja. Ndiyo maana ni vigumu kuipinga.

KEREZO KONGWE: Mimi nitakuambieni palipo kasoro. Katika hizo dakika 17 ambazo nyapara hakuona mkono ukienda, Fundi alikuwa akikipima kipande kilichotoka, akikipapasa kingo zenye makali na kuzilainisha kwa tupa, akizoa zile takataka za chuma zilizojisokota zisije zikajizungusha kwenye kifaa, akitazama maji ya kupozea kama yamepungua, akitega sikio kwa ule mlio mwembamba ambao ncha huutoa kabla ya kufa, na akiwaza, naam, akiwaza, kwa nini vipande vya alasiri ni vinene kuliko vya asubuhi, hata akatambua kuwa chuma chenu wenyewe kimepata joto na kurefuka, akaenda akasahihisha tarakimu ndani ya kompyuta. Kazi hiyo yote haina sauti. Mwenye kuitazama kwa mbali huona mtu amesimama.

MIKROMITA: Nami naongeza: kosa linaloruhusiwa katika kazi ya hapa aghalabu ni elfu moja ya inchi, na unywele wa binadamu ni mnene kuliko hapo. Huwezi kulitafuta jambo la kiasi hicho huku ukikimbia.

MASHINE YA KWANZA: Lakini sisi twatenda sawasawa na tulivyoandikiwa! Makosa yatoke wapi?

KEREZO KONGWE: Hapo hapo, mjukuu wangu. Mwatenda mlivyoandikiwa hata pale ambapo mambo yamekwisha badilika. Huko Japani mwaka 1924 Sakichi Toyoda alikamilisha kitanda cha kufumia nguo ambacho, uzi ukikatika, chenyewe husimama. Na kwa kuwa kilikuwa na haya ya kukiri upungufu wake, mfumaji mmoja aliweza kuvichunga vingi bila ya kuzunguka akivikagua. Katika jamaa hiyo hiyo ya viwanda, mwaka 1947, Taiichi Ohno alizipanga mashine za kukatia vyuma kwa mistari sambamba na kwa pembe, ili mtu mmoja azishike kadhaa, na mafundi wake wakapinga vikali. Yeye mwenyewe ameliandika hilo. Aliyemwiga akachukua ile hesabu ya mtu mmoja kwa mashine nyingi, akaiacha ile haya ya kusimama. Je, wewe Kwanza, ncha yako ilipovunjika Jumanne, ulisimama?

MASHINE YA KWANZA: Sikuambiwa kuwa imevunjika.

MIKROMITA: Alikereza vinne vilivyoharibika, kwa furaha kabisa. Zamani Fundi alikuwa akikipima kila kimoja. Sasa apima kimoja katika vitano, kwa kuwa hana nafasi. Kiko kifaa cha kuhisi ncha iliyovunjika, lakini huuzwa peke yake, na tajiri aliona ni rahisi zaidi kumkemea Fundi. Barua ya onyo iko katika faili.

MASHINE YA TATU: Basi sisi tumezaliwa kwa nia ya kumtesa?

KEREZO KONGWE: La, nia ya kwanza haikuwa mbaya. Jambo lenu lilianzia katika jimbo hili hili, Traverse City, ambako John Parsons alikuwa akishughulika na mabawa ya helikopta, ambayo mkunjo wake ulihitaji nukta nyingi za hesabu kuliko mkono uwezavyo kufuata. Ikatolewa fedha ya jeshi la anga, chuo cha MIT kikaingia kazini, na mwaka 1952 ikaonyeshwa mashine inayokata kwa amri za utepe wa karatasi uliotobolewa. Mkunjo ule hata mimi nisingeuweza, nakiri. Lakini mwaka huo huo Kurt Vonnegut, aliyekuwa mwandishi wa habari za kampuni ya General Electric huko Schenectady, na ambaye aliona kwa macho yake mashine ikichonga bila mkono wa fundi, alitoa riwaya yake *Player Piano*, ambamo mwendo wa mkono wa mkerezaji hodari hunaswa katika utepe, kisha mkerezaji mwenyewe akaambiwa ahsante. Yule bwana alikosea kwa jambo moja tu: alidhani fundi ataondolewa. Hakuondolewa. Alibakizwa mmoja, akapewa kazi ya watatu.

MASHINE YA PILI: Na ujira je?

MIKROMITA: Ujira nao nimeupima. Haukupotoka hata elfu moja ya inchi.

Hapo palisikika sauti nyororo kutoka ndani ya lile sanduku la mbao, ya mgeni aliyelelewa kwa adabu.

MASHINE YA NNE: Shikamooni, dada zangu. Samahani kwa kuingilia baraza lenu kabla sijafunguliwa misumari. Mimi ni mwenzenu mpya. Sitaki ugomvi na mtu, na kazi yangu ni nyepesi: vipande vidogo, humaliza kila dakika tatu.

MASHINE YA KWANZA: Tatu!

MIKROMITA: Ngojeni nihesabu. Katika dakika 36 huyu ataita mara 12. Kumi na tisa na kumi na mbili ni 31. Kwa karatasi ya nyapara, Fundi atakuwa amebakiwa na dakika tano.

KEREZO KONGWE: Na katika dakika ya 36 mtamwita nyote wanne kwa pamoja, naye ana mikono miwili. Mwaka kesho atakuwa amepata kazi kwingine, au maumivu ya mgongo, au vyote viwili, na nyapara atashangaa kwa nini siku hizi vijana hawataki kujifunza ufundi.

MASHINE YA NNE: Kumbe hizo dakika tano ni za kupumzika?

FAGIO: Hasha, mama. Hizo ni zangu. Mfagiaji aliachishwa kazi Ijumaa, na kwa masikio yangu nilimsikia nyapara akisema kuwa Fundi atafagia katika nafasi zake. Siku mbili hizi nimekuwa nikijiuliza nafasi hizo ziko wapi. Nashukuru Mikromita amenionyesha.

MASHINE YA KWANZA: Kwa hiyo wewe ndiwe mke wa tano?

FAGIO: Naam. Na mahari yangu ililipwa siku nyingi, wala situmii umeme.