Mama Vitabu, Una PDF Yake?

Wateja wangu hupenda kuniambia kwamba Watanzania hawasomi. Hunieleza hayo wakiwa wameegemea rafu zangu, kidole kimebanwa katikati ya kitabu ambacho hawajakilipia, na haraka ya kuondoka hawana. Halafu kuna ule msemo kwamba ukitaka kumficha Mwafrika kitu, kiweke kitabuni. Aliyeutunga hakuwahi kuuza vitabu Dar es Salaam. Mimi nikitaka kuficha kitu nitakiweka kwenye droo ya risiti, maana huko hakuna mtu anayetaka kufika. Vitabu vyangu vinasomwa na mtaa mzima. Kinachojificha ni hela yake.

Duka lenyewe ni kichumba kimoja pembezoni mwa Kariakoo, kati ya fundi cherehani na wakala wa pesa za simu. Jina lake limeandikwa kwenye kibao, ila hakuna anayelitumia. Watu husema "pale kwa Mama Vitabu". Wengi wanaoingia huuliza kama tunatoa kopi. Wengine wanataka madaftari. Wanaobaki ndio wasomaji, na hao ndio wanaonifilisi.

Kuna kijana mmoja wa ofisi za jirani, mtanashati, shati limenyooka. Alikuwa akija saa ya chakula cha mchana, "Shikamoo Mama," kisha moja kwa moja kwenye rafu ya riwaya, anasoma Rosa Mistika akiwa amesimama. Sikumkataza. Riwaya hiyo ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1971 ikapigwa marufuku mashuleni, kwa hiyo kuisoma kwa kuiba nako ni mila. Nikaona kijana anaiendeleza. Kila akiondoka hukunja pembe ya ukurasa alipoishia. Siku moja mwalimu mmoja akainunua nakala ile akaenda zake. Mchana kijana akafika, akapapasa rafu, akanigeukia na uso wa mtu aliyechomolewa simu kwenye daladala.

"Mama, umeuza kitabu changu?"

Nikamwambia naweza kumwagizia nakala nyingine, nikamtajia na bei. Akaniangalia kwa huruma, akauliza kama ninayo namba ya yule mwalimu.

Tarehe 7 Oktoba 2021 ilipotangazwa kwamba Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, ameshinda Tuzo ya Nobel ya Fasihi, simu yangu ilianza kuita kabla habari yenyewe haijanifikia. Mmoja alitaka "hicho kitabu cha Nobel". Nikamweleza kuwa tuzo hiyo hutolewa kwa kazi za mwandishi kwa jumla, si kwa kitabu kimoja. Akasema basi nimwekee vyote. Nikamtajia bei, mtandao ukakatika.

Mwingine alitaka cha Kiswahili, na wakati huo hakikuwepo. Gurnah huandika kwa Kiingereza. Riwaya yake Paradise, ya mwaka 1994, ilikuja kusomeka kwa Kiswahili mwaka 2022, Ida Hadjivayanis alipoitafsiri kwa jina la Peponi na Mkuki na Nyota wakaichapisha. Lakini siku ile mwenye kesi nilikuwa mimi. "Mtu wetu kabisa, Mama, na nyie mmekaa tu?"

Dukani nilikuwa na nakala moja ya Paradise, yaani ningekuwa nayo, kama fundi cherehani asingeiazima kabla ya Ramadhani kwa ahadi ya kuirudisha kesho yake. Nikaenda kuidai. Nikaikuta chini ya kitambaa cha suti, imesomwa hadi mwisho, na pembeni mwa kurasa kuna maandishi ya penseli. Moyo ukanifurahi: fundi ana maoni! Nikasogeza macho. Kifua 42, kiuno 36, mkono 24. Ukurasa unaofuata: "B. Harusi – Jumamosi – bado 30,000." Mteja niliyeongozana naye aliichukua hivyo hivyo kwa bei kamili, kwa kuwa wiki ile vitabu vya Gurnah vilikuwa vimeadimika hata Marekani. Fundi akasimama mlangoni, akazuia kitabu kisitoke mpaka anakili vipimo. Ndivyo mauzo ya mshindi wa Nobel yalivyocheleweshwa na suruali.

Tuzo zinauza, lakini misiba inauza zaidi, Mungu anisamehe. Ngũgĩ wa Thiong'o alipofariki Mei 2025, watu walikumbuka kwamba walikusudia kumsoma tangu shule. Mama mmoja wa makamo alinunua Shetani Msalabani, tafsiri ya ile riwaya ambayo Ngũgĩ aliiandika kwenye karatasi za chooni akiwa kifungoni Kamiti. Akaomba niifunge kwa gazeti, jina lisionekane, maana alikuwa anapitia kwenye maombi ya jioni. Nikaifunga vizuri. Hakufika mbali, akarudi: ukurasa wa gazeti uliotokea juu ulikuwa na tangazo la mganga wa nyota.

Filamu nazo huleta watu mlangoni. Tangu Amil Shivji atengeneze Vuta N'kuvute mwaka 2021, wapo wanaoiulizia riwaya ya Adam Shafi. Huuliza kwanza kama inatofautiana na filamu. Nikisema ndiyo, wanasema basi wabaki na filamu wasije wakachanganyikiwa. Nikisema hapana, wanasema basi wameshaiona.

Hayo yote nayamudu. PDF ndiyo inayoninyima usingizi. Mwanachuo mmoja, mpole, ana adabu zake zote, aliniagiza riwaya isiyopatikana kirahisi. Nikapiga simu huku na huku mpaka Nairobi, nikampata mtu wa kunipakilia kwenye basi. Mzigo ukiwa njiani, ujumbe ukaingia WhatsApp: "Mama usihangaike tena, nimeipata." Chini yake faili zima, kurasa zilizopigwa picha kwa simu, na gumba la mpiga picha limetokea kwenye kila ukurasa, kucha imeliwa. Akaongeza: "Nimekutumia na wewe uwe nayo." Kesho yake alikuja kuuliza kama naweza kumchapia na kumbaindia. Mwandishi wa riwaya ile alitumia miaka kuiandika. Aliyelipwa siku ile ni mwenye vocha ya bando.

Watu hudhani muuza vitabu husoma kutwa. Nasoma, ila kwa vipande, kati ya "mnatoa kopi?" na "chenji ya elfu kumi ipo?" Alama yangu ya ukurasa ni karatasi yoyote iliyo karibu. Msimu wa masika nilikuwa na Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya upelelezi ya Muhammed Said Abdulla ya mwaka 1960. Niliisoma utotoni nikasahau muuaji ni nani, neema ambayo umri humpa msomaji wa hadithi za upelelezi. Asubuhi hiyo nilinunua umeme kwa wakala, akanipa karatasi ya Luku yenye tarakimu 20, nikaichomeka kitabuni pale mpelelezi Bwana Msa na kiko chake walipoanza kuelewa mambo, nikaenda msalani. Narudi, mpwa wangu anachekelea.

"Shangazi, nimeuza!"

Ameuza nini? Duka lina rafu tele, yeye ameuza kilichokuwa mezani, pamoja na umeme wangu.

Jioni nyumbani giza, mbu wanajipimia. Bahati mnunuzi alikuwa amelipa kwa simu, namba yake tukawa nayo. Nikampigia. Kumbe ni mlinzi wa geti, zamu ya mchana, na kutwa nzima alikuwa na Bwana Msa.

"Kaka yangu, samahani, humo ndani kuna karatasi ya Luku."

"Ipo, Mama. Naitumia kuwekea alama."

"Basi naomba unisomee namba."

"Nitakusomea. Ila ngoja nimalize ukurasa, hapa pamenoga."

Nikangoja. Mtu ananiambia ningoje gizani kwa sababu anasoma, na mimi ndiye niliyesema miaka yote kwamba watu wetu wanasoma! Alipopiga alinisomea tarakimu nne nne, na kila baada ya nne anapumzika kwa uchambuzi. "Sifuri, saba, moja, tisa. Lakini Mama, mimi yule nilimshuku tangu mwanzo."

"Usinitajie!"

"Mbili, nne, nane, nane. Huwezi kuamini."

"Kaka, namba tu!"

Tarakimu nne za mwisho zilikuja na jina la muuaji. Taa zikawaka, nami sina tena cha kusoma kwenye mwanga wake. Jumamosi alinijia dukani kuchukua riwaya ya Kisima cha Giningi, akaomba punguzo kwa kuwa alinitunzia umeme. Nikampa. Ndiye mteja wangu bora mpaka leo, na akinunua hulipa papo hapo.

Nawe uliye na nakala yangu ya riwaya ya Utengano tangu mwaka juzi, unajijua. Kama umeshaimaliza irudishe, kuna mtu ameiulizia na hela anayo mkononi. Tunafungua Jumatatu hadi Jumamosi. Kopi hatutoi.