Taarifa ya Diwani

Diwani nchini Tanzania huchaguliwa na kata yake kila baada ya miaka 5, huketi kwenye baraza la madiwani na huongoza Kamati ya Maendeleo ya Kata, mtendaji wa kata akiwa katibu. Habari za kata humfikia mwananchi kwenye mkutano wa hadhara, chini ya mwembe, viti vya plastiki vikiwa vya meza kuu tu. Taarifa yenyewe ina sarufi yake: "tupo mbioni" ni mwaka wa kwanza, "mchakato unaendelea" wa tatu, "mkandarasi ameshapatikana" wa tano. Mtaro, ambao haukusoma sarufi, hufurika kila masika. Kifusi humwagwa kando ya barabara kikangoja kusambazwa. Kuku hukiparura, watoto hukifanya mlima. Greda huja mwezi wa kampeni.