Sahani ya Papa

Karatasi ilifika nyumbani ikiwa imekunjwa ndani ya mfuko wa koti la Papa, na si yeye aliyeitoa. Mama ndiye aliyeikuta alipokuwa anakagua mifuko kabla ya kufua. Ilikuwa imechapwa kwa Kifaransa: mambo ambayo mtu mwenye shinikizo la damu anapaswa kuyaacha. Chumvi, mafuta, nyama nyekundu, sukari, pombe, na obundu, ule ugali wetu wa muhogo, ipunguzwe. Chini kabisa, kwa kalamu, mkono wa mtu mwenye haraka ulikuwa umeongeza: mboga na matunda. Hakuna aliyemweleza Papa mboga hizo ni kiasi gani, zipikwe vipi, wala azile na nani.

Mama ni mtu wa kushika maagizo. Ndivyo alivyotuvusha katika miaka ya vita na magonjwa, na hakuona sababu ya kulegeza kamba eti kwa kuwa safari hii mgonjwa ni mumewe. Juma hilohilo alinunua sokoni sufuria ndogo yenye mfuniko na sahani ya bati ya rangi ya buluu, ukingo mweupe. Tangu hapo jikoni kwetu kukawa na mbabula mbili, majiko ya makaa, moja ya sufuria ya watu na nyingine ya sufuria ya Papa, na mwiko wa huku haukuruhusiwa kugusa kule.

Katika sufuria ya Papa mlikuwa na puwaro (liki), karoti na kabichi, vimechemshwa kwa maji matupu mpaka vikapauka, na kiazi kimoja au viwili pembeni. Mboga kwetu si shida. Mji wetu wa Butembo, mashariki mwa Kongo, uko karibu kabisa na mstari wa ikweta, lakini kwa kuwa umekaa kwenye urefu wa mita 1,800 hivi, asubuhi watu tunavaa makoti, na milima ya Lubero inatuletea vitunguu, puwaro, viazi na hata ngano. Alfajiri utawaona vijana wanashuka na chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, magunia yamepangwa mpaka yanampita mwenye chukudu kwa kimo. Chakula cha kumfaa mzee kinapita mlangoni petu kila siku, kwa hiyo sikubaliani na wanaosema kula vizuri ni mambo ya wafanyabiashara wakubwa wanaopanda ndege kwenda Dubai. Shida ya sufuria ya Papa ilikuwa kwingine.

Papa ana miaka 67. Alikuwa anapeleka kahawa Kasindi, mpakani na Uganda, na nje ya mji wa Beni alikuwa na shamba la muhogo, maharagwe na michikichi. Tangu Oktoba 2014, mauaji yalipoanza kuzunguka Beni, shamba hilo limebaki la kusimuliwa. Muhogo tunaokula sasa tunaununua, mawese vilevile, lakini kila jioni obundu inapowekwa mezani Papa huibonyeza kwa kidole gumba na kutuambia unga huu ni wa muhogo uliolowekwa vizuri au wa watu wenye haraka. Hapo huwa anaongea kama mwenye shamba. Kwenye sahani ya buluu hakukuwa na kitu cha kuongelea.

Alikula alichopewa, hakunung'unika. Lakini suruali zikaanza kumlegea, na kile kilima cha kutoka barabara kubwa, ambacho alikuwa anakipanda huku anapiga hadithi, akawa anasimama katikati ameshika ua wa watu. Mama aliona mwili unapungua akafurahi, karatasi inafanya kazi. Mdogo wangu, anayesoma udaktari Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben hapa mjini, hakufurahi. Alisema mzee anayekonda haraka hapotezi mafuta peke yake, anapoteza na misuli, na misuli ya umri huo ikishaondoka hairudi kwa urahisi. Ukipima kwa kila kilo ya mwili, mzee anahitaji protini nyingi kuliko kijana, na katika sufuria ile hamkuwa na hata punje moja ya haragwe. Mama akamjibu kwamba siku atakapomaliza masomo, naye ataandika karatasi yake.

Kisha ikaja harufu. Ilianza chumbani, ikaingia sebuleni, na Jumapili moja tukaenda nayo mpaka kanisani, kwa sababu ilikuwa ndani ya suti ya Papa. Tuliporudi Mama alifungua kabati, akatoa nguo moja moja. Nyuma kabisa, ndani ya karatasi ya mfuko wa sementi, alikuta samaki wa chumvi wa Vitshumbi, kule Ziwa Edward, vipande vilivyokatwa vizuri vya kupikia jioni. Vilikuwa vinapikwa kwa jirani, dereva mstaafu wa malori, kwa mawese yaliyochomwa mpaka yakatoa moshi, na vinashushwa na obundu. Mdogo wangu alichukua kipande kimoja na kisu, akakwangua chumvi iliyoganda juu ya magamba. Kijiko cha chai kikajaa. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku nzima, kutoka katika vyakula vyake vyote, na hizo ni kama kijiko hichohicho. Mama alikitazama kijiko, akaketi kitandani, akalia. Alikuwa anampikia bila hata chembe.

Papa alisimama mlangoni. "Mama," alimwambia, "njaa ningeivumilia. Ile sahani ndiyo siiwezi. Unanilisha kama mtu wa Ebola."

Mtu wa mbali anaweza kudhani hilo ni neno la hasira tu. Sisi tuliokuwa hapa kati ya Agosti 2018, ugonjwa ulipotangazwa kule Mangina, na Juni 2020 ulipotangazwa kwisha, tunajua alichokuwa anasema. Watu 3,470 waliugua, zaidi ya 2,280 wakafa, na Beni, Butembo na Katwa zilikuwa katikati ya moto huo. Miezi ile tuliacha kushikana mikono, tukanawa maji ya klorini kila mlango, na mtu akitengewa sahani ndani ya nyumba, majirani walijua nyumba hiyo imeshikwa na hofu. Sasa sahani ya buluu ilikuwa inaoshwa peke yake na kuanikwa peke yake uani. Watoto wa mtaa waliiona. Wakubwa hawakuuliza, na kwetu wakubwa wasipouliza ujue wameshajijibu.

Mama alielewa maumivu, lakini hakuona njia. Karatasi bado ilikuwa inasema ilichosema. Akaitunza sahani, akaanza kufunga kabati kwa ufunguo.

Ndivyo tulivyofika Julai 2024, wakwe walipokuja kwa ajili ya mdogo wetu wa kike. Kwetu sisi Wanande mahari ni mbuzi, na siku ya mbuzi hakuna anayekula kwa haraka. Waliongea wee, wakabishana juu ya mbuzi mmoja aliyekuwa na mguu mbaya, wakapatana, na chakula kikaja: obundu kwenye sinia kubwa, sombe ya majani ya muhogo, wali, nyama ya mbuzi. Maharagwe yalikuwa kidogo. Mji wa Kanyabayonga, kusini mwetu, ulikuwa umeingia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Juni, magari ya kutoka kusini yamepungua, na bei sokoni haikusemeka. Kila mtu alikwishanawa mikono. Hapo Mama akaingia taratibu na kuweka mbele ya Papa sahani ya buluu, puwaro ndani yake.

Msemaji wa wakwe alikuwa amenyoosha mkono kwenye sinia. Akaurudisha. Wenzake nao wakarudisha yao.

"Sisi tulikuja kula na mutu," alisema, "hatukuja kumuangalia."

Mama akaeleza kwamba Mzee ana ugonjwa. Lilikuwa jibu la ukweli, na halikusaidia. "Ugonjwa gani?" yule msemaji akauliza kwa heshima zote, na macho ya sebule nzima yakaenda kwenye sahani. Papa hakuinua kichwa. Nilimtazama mdogo wetu pale mlangoni, katika nguo zake mpya, nikaona ameelewa kwamba ndoa yake imesimama juu ya puwaro.

Aliyeinuka ni shangazi, dada mkubwa wa Papa, mwanamke anayetembea kwa fimbo na ambaye hakuna anayemuuliza anakwenda wapi. Alikwenda jikoni, akarudi na ile sufuria ndogo, akamwekea puwaro kila mzee aliyekuwa pale, kijiko kwa kijiko, wa kwetu na wa wakwe. Kisha akakata tonge la obundu kwenye sinia, akachagua kipande cha nyama kisicho na mafuta, akaviweka kwenye sahani ya Papa. "Kama hii ni dawa, tuinywe sote," alisema. "Kama ni chakula, na yeye ale chetu."

Wakala. Msemaji wa wakwe alitafuna puwaro, akanyamaza, akatafuna tena. Ikumbukwe kwamba yeye ni mtu wa milima ya Lubero, puwaro ndiyo iliyomsomeshea watoto. "Mama," alisema mwishowe, "ugonjwa wa Mzee nimeuelewa. Lakini mboga yangu imekosa nini?" Na pale pale, mahari imesahauliwa, akaeleza namna inavyopikwa kwake: maharagwe yalowekwe usiku na kuchemshwa mpaka yalainike, puwaro ikatwe pamoja na majani yake, nyanya na kitunguu viive polepole juu ya makaa, mawese kijiko kimoja mwishoni bila kuyachoma, na chumvi kidogo, kwa sababu puwaro na nyanya zimeshafanya kazi yake. Mama, ambaye hapokei somo la jikoni kwa mwanaume yeyote, alimsikiliza mpaka mwisho. Kesho yake akapika.

Sufuria ndogo sasa ni ya uji wa watoto. Sufuria ni moja. Mama alipunguza chumvi kidogo kidogo kwa nyumba nzima, na baada ya majuma machache hakuna aliyeitafuta, kwa maana ulimi huzoea. Mawese hayachomwi tena mpaka yapauke, maana rangi ile nyekundu ndiyo mwili unayotumia kutengeneza vitamini A. Bado ni mafuta mazito, kwa hiyo yanapimwa kwa kijiko. Obundu ya Papa ni tonge moja, maharagwe na mboga ya lengalenga (mchicha) ndiyo yanayojaza sahani, na samaki mbichi wa Kyavinyonge, ziwani kulekule, wakifika sokoni tunawapa nafasi ya wale wa chumvi. Avoka hazikosekani. Dawa zake anaendelea kuzimeza, kwa kuwa hilo ni jambo la muuguzi, si la jikoni.

Mdogo wangu anasema hatukugundua kitu kipya. Mwaka 1972, katika mkoa wa Karelia Kaskazini nchini Finland, ambako wanaume walikuwa wanakufa kwa moyo wakiwa bado na nguvu za kazi, daktari kijana Pekka Puska na wenzake hawakumfuata mgonjwa mmoja mmoja na karatasi. Walikwenda kwa akina mama wa vijijini, kwa waokaji wa mikate, kwa watengenezaji wa soseji, wakabadilisha kilichokuwa mezani kwa watu wote. Katika miaka 40 hivi iliyofuata, vifo vya moyo kwa wanaume wa umri wa kazi vilipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Natamani kila anayechapa karatasi ya kumpa mzee wa Butembo au Beni aijue habari hiyo, na aite mpishi wa nyumba kabla ya kuikunja.

Maana kuna jambo karatasi haikuliona kabisa. Papa alipokwenda kupimwa tena, shangazi alimlazimisha Mama aende naye. Shinikizo la Papa lilikuwa limeshuka, si sana, lakini limeshuka, na kilima anakipanda tena huku anaongea. La Mama lilikuwa juu kuliko la Papa siku ya kwanza. Alikuwa hajapimwa hata mara moja tangu alipomzaa mdogo wetu wa mwisho. Yale maumivu ya kichwa ya jioni alikuwa anayaita uchovu, na miezi yote ile alipokuwa anapika sufuria mbili, alikuwa anajipakulia kutoka ile yenye chumvi.

Sasa wanameza dawa pamoja asubuhi, na ugomvi uliobaki ni wa sukari. Papa anadai vijiko vitatu kwenye chai, kwa hoja kwamba karatasi yake ni ya shinikizo la damu na sukari iliandikwa humo kwa mazoea tu. Mama amesoma ya kwake, imeandikwa hivyohivyo, na ametangaza kijiko kimoja kwa kila kikombe, mgeni asiachwe. Yule mkwe wa Lubero anakuja Jumapili na gunia la puwaro. Ameshapelekewa habari.