Bingwa wa Sheria za Muziki Awahutubia Wana Maliba

Mheshimiwa mwenyekiti wa baraza letu la LC, wazee wetu, akina mama, nanyi vijana wa bodaboda mliojazana mlangoni, tulieni. Nimeombwa nizungumzie muziki kwenye intaneti. Aliyeniomba ni mimi mwenyewe, na kwa heshima ninayompa, sikuweza kumkatalia.

Mnanijua. Nina tovuti. Juu kabisa ipo picha yangu nimevaa tai. Chini yake ipo nyingine, tai ile ile, ila nimetazama milima. Hata wazungu wanaokwenda Nyakalengija kupanda Rwenzori wakiniuliza njia, nawapa anwani ya tovuti. Ukivumilia hizo picha, unazifikia nyimbo. Zote nimezinunua kwa pesa yangu, na risiti nimezipiga laminesheni. Mtu akibonyeza, awe Kasindi hapo mpakani au Muscat ya mbali, Franco, yule gwiji wa rumba wa Kongo, anamwimbia. Je, ni halali? Swali hilo linawasumbua mawakili. Mimi halinisumbui, maana sijamuuliza wakili yeyote.

Nikinunua mbuzi sokoni Bwera, nani ataniuliza nimemla na nani? Naam, binti wa sekondari, sema. Anasema ukimpa jirani paja la mbuzi, wewe huna tena paja. Lakini wimbo unabaki nao, jirani anao, na wa Muscat anao. Kaa chini, mwanangu. Mbuzi hakuwa wako.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Uganda ya mwaka 2006 nimeisoma yote, kasoro vile vifungu vyenye namba. Inaruhusu matumizi binafsi. Na tovuti yangu ni binafsi mno, jina langu limo kila ukurasa! Binti kasimama tena. Eti binafsi ni kusikiliza wewe mwenyewe. Kuufikisha wimbo kwa umma ni haki ya mwenye wimbo, na asiye na idhini yake, kwa sheria hiyo ya 2006, hutozwa faini ya hadi shilingi milioni 2, au hufungwa hadi miaka 4, au vyote viwili. Nani kampa mtoto huyu vile vifungu vyenye namba?

Haya, Franco alifariki mwaka 1989. Marehemu hadai. Binti anasema sheria inamlinda mtunzi miaka 50 baada ya kifo chake, yaani kwa Franco hadi 2039. Hesabu sikuja nayo leo.

Twende Marekani, wanakonielewa. Kampuni ya MP3.com iliwaruhusu watu kusikiliza kwenye intaneti CD walizokwisha kuzinunua, baada ya kuthibitisha kwamba wanazo. Mimi simsumbui msikilizaji kwa maswali kama hayo. Mwaka 2000 kesi ilifika New York mbele ya Jaji Jed Rakoff, na hukumu yake ilikuwa... ilikuwa kwa Kiingereza. Binti anasema MP3.com walishindwa, wakailipa Universal, kampuni ya muziki iliyowashtaki, zaidi ya dola milioni 50. Bila shaka! Hawakuniita shahidi.

Mama mmoja anauliza kwa nini nisiende Kampala kuomba leseni kwa UPRS, chama cha watunzi wenyewe. Mama yangu, mtu wa hadhi yangu haombi.

Nimemaliza. Nanyi mnaonirekodi kwa simu, futeni sasa hivi. Hotuba hii nimeitunga mimi, na ni marufuku kuwasikilizisha watu popote bila idhini yangu ya maandishi.