Wadau Wamekaa, Mto Unapita

Februari 2018 marais Uhuru Kenyatta wa Kenya na Yoweri Museveni wa Uganda walizindua kituo cha pamoja cha mpaka pale Busia, ili lori likaguliwe mara moja tu. Hongera zao. Foleni, kwa ukaidi wake, haikualikwa kwenye uzinduzi: bado hujipanga kando ya lami, Busia na kwenye mpaka jirani wa Malaba, turnboi akipika ugali chini ya tela.

Sasa tumehamia kwenye mipango ya ardhi ya mpakani. Sheria ya Kenya ya Serikali za Kaunti ya 2012 inadai mpango wa matumizi ya ardhi wa miaka 10. Ng'ambo, Uganda, nao wana wilaya yao na mipango yao. Mto Sio, ambao karibu na ziwa ndio mpaka wenyewe, umebaki na kingo mbili na wakubwa wawili. Mafuriko hayajaambiwa yaombe kibali kwa nani.

Kwa hiyo wadau huitwa kwenye semina, hotelini, mbali na matope. Mama wa Busibwabo, huku Busia, anayeanika mihogo barabarani kwa kukosa uwanja hupata mwaliko pia. Humfikia kikao kikishafungwa, bahasha zimeshagawiwa, na ripoti imeshaandika kuwa "jamii ilishirikishwa kikamilifu."