Tukipe Kisirani Heshima Yake

Ubovu wa kawaida hauna staha. Tairi likipasuka linapasuka mbele za watu. Mnyororo ukikatika unakatika palepale, na kila mpita njia anajua kilichotokea. Unakwenda kwa fundi, unalipa, unaondoka, na wiki ijayo umeshasahau. Nani ataiandikia pancha sifa?

Ninachotaka kukisifu leo ni kile kisirani kinachoiacha pikipiki iwake alfajiri, kikaigomesha saa nne, kisha kikairuhusu tena saa nne na robo kana kwamba hakuna aliyekosana na mtu. Mwanazuoni Erasmus aliusifu upumbavu kwa kitabu kizima mwaka 1511. Kisirani chetu kinastahili zaidi, maana upumbavu hauchagui saa, na chenyewe kinachagua.

Nasaba yake ni ya watu wazito. Mwaka 1912 kampuni ya Cadillac ya Marekani ilianza kuuza magari yenye stata ya umeme, na waliokuwa wakiumia mikono kwa kuzungusha injini kwa hendeli wakashukuru Mungu. Kila waya ulioongezwa tangu siku hiyo ni chumba kipya cha kulala kisirani. Kwa upande wa huku kwetu Makanyagio, mjini Mpanda, baba yake ni mtikisiko wa njia za vumbi zinazokwenda vijijini, na mama yake ni mvua inayoingia Novemba na kututoka Aprili. Baba analegeza nati, mama anatia kutu, na mtoto anazaliwa ndani ya soketi ya waya bila mkunga wala cheti.

Tazama akili yake. Dereva akiwa peke yake, hana haraka, anachezea simu, akijaribu stata inaitika kwa mguso mmoja. Lakini akitokea mama mwenye mabegi mawili na mtoto mgongoni, anaikimbilia treni, hapo ndipo kisirani kinapoamka. Reli hii ilifika Mpanda kutoka Kaliua enzi za mkoloni kufuata madini ya risasi, na ratiba yake inajulikana na wachache. Kisirani ni mmojawapo. "Mwanangu, treni itaniacha," anasema mama. Dereva anapiga stata, anapiga kiki, jasho linamtoka, na jirani yake wa kijiwe ameshapakia mabegi.

Na upendo kinaoleta! Pikipiki nzima haina marafiki. Ikigoma, kijiwe kizima kinasimama.

"Plagi hiyo, broo."

"Plagi wapi, betri imekufa."

"Umeweka petroli ya kwenye chupa, ina maji."

"Mimi nakwambia kuna mtu kakutupia jicho."

Watu ambao hawajasalimiana tangu mechi ya Simba na Yanga wanajikuta bega kwa bega wanasukuma chuma kimoja. Ikishawaka kwa kusukumwa, kila mmoja anaondoka akiamini dawa yake ndiyo iliyofanya kazi. Ni chama gani kinachoweza kuwaridhisha wanachama wake wote siku moja?

Uchumi nao unakitegemea. Muuza spea anakiombea dua kila asubuhi. Wiki hii kimeuza plagi, wiki ijayo betri, mwezi ukiisha koili na sidiai, na baada ya kila kifaa kinakaa kimya siku kadhaa ili mnunuzi aone thamani ya fedha yake. Dereva wa mkataba, anayetakiwa kumpelekea bosi hesabu kila jioni, kimemfundisha ufasaha ambao shule haikumpa. "Bosi, leo iligoma." "Mbona jana ilikuwa inatembea?" "Jana ilikuwa nzima, bosi." "Na sasa hivi?" "Sasa hivi nzima." Mtu akiweza kuyasimamia maneno hayo bila kupepesa macho, udiwani haumshindi.

Lakini sifa yake kubwa inaonekana kwa fundi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakuwahi kukutana na huyu, ambaye anaficha na hafi. Pikipiki inasukumwa mpaka kibandani, inawekwa juu ya stendi ya kati, fundi anagusa stata, inaunguruma. "Kijana, si hii hapa imewaka?" "Haki ya Mungu, fundi, ilikuwa haiwaki." Fundi anamtazama kwa huruma, anabadilisha kitu kimoja ili safari isiwe bure, na kisirani kinarudi kijiweni na afya yake.

Kinawadharau wanaobahatisha, na hapo ndipo heshima yangu kwake inapokuwa ya kweli. Nimemshuhudia fundi mmoja mtu mzima akikikabili, na hakuanza na spana. Alianza na maswali. Ikigoma, stata inazunguka au inakaa kimya? Maana betri nzima ikiwa imepumzika husoma karibu volti 12.6, na ikiporomoka chini ya 10 stata inapozunguka, hiyo imechoka. Inagoma ikiwa baridi au ikishapata moto? Kuna koili inayofanya kazi vizuri mpaka ipate joto, ikipoa inarudi kazini. Inazima njiani, ukifungua mfuniko wa tangi inawaka? Basi tundu la mfuniko la kupitisha hewa limeziba, na petroli haishuki. Majibu yakawasafisha watuhumiwa wote hao: stata inazunguka vizuri, baridi na moto ni sawa, na njiani haizimi kamwe.

Swali la mwisho lilimchekesha dereva: "Kijiweni huwa unaiegeshaje?"

Fundi aliishusha kwenye stendi ya pembeni, akaulaza usukani kushoto mpaka mwisho. Akachomoa plagi, akaivalisha kofia yake, akaigusisha kwenye injini, akamwambia kijana apige kiki. Hakuna cheche. Akanyoosha usukani. Cheche ya bluu, tak, tak. Akaulaza tena, giza. Akafungua taa ya mbele, akalifuata fungu la waya linalopita shingoni mwa chasisi, akawa anaziminya nyaya moja moja kwa kucha, mpaka akafika kwenye ule unaopitisha umeme wa cheche kwenye swichi ya kuzimia injini. Mahali padogo, urefu wa punje ya mchele, ulikuwa laini. Mpira mzima, rangi nzima, shaba imekatika ndani.

Miujiza yote ikapata maelezo. Kijiweni pikipiki inalala pembeni, usukani kushoto, ncha mbili za shaba zimeachana, na dereva mwenye haraka ya abiria anapiga stata kabla hajaunyoosha. Ukitaka kusukuma lazima unyooshe, ndiyo maana kusukuma kuliponya na betri ikasingiziwa. Juu ya stendi ya kati usukani unakaa umenyooka, ndiyo maana kwa fundi ilikuwa nzima. Na barabarani hakuna anayekata kona usukani ukiwa umelala mpaka mwisho. Betri, plagi, koili na sidiai zilizotupwa zilifungwa kwa kesi isiyozihusu.

Kisirani, basi, hakikuwahi kudanganya. Kilisema ukweli uleule kila siku, mahali palepale, usukani uleule, kwa yeyote ambaye angeuliza badala ya kununua. Sisi ndio tuliokuwa tukijibu kabla ya swali, na tabia hiyo haiishii kwenye pikipiki: hata pampu ya maji ikisita, au mtoto akianza kushindwa hesabu, tunabadilisha kifaa, au tunabadilisha mwalimu.

Kwa hiyo ewe kisirani, mlezi wa wauza spea, mpatanishi wa kijiwe, mwalimu wa mafundi wenye subira, pokea sifa zako. Usife mapema. Mola akupe umri mrefu, kizazi kikubwa na makazi ya kudumu, kwenye pikipiki ya mtu mwingine.